Homa ya ini kijijini: ukihesabu macho ya njano umehesabu wachache

Kila nikifika kijijini kupima homa ya ini swali la kwanza ni lilelile, "kwani hapa ipo?", halafu watu wanaanza kutazamana machoni kumtafuta mwenye njano. Naelewa kabisa, ila huyo wa njano mara nyingi siye tunayemtafuta. Mtu anaweza kukaa na virusi vya hepatitisi B (homa ya ini ina aina kadhaa, hii ni mojawapo) miaka 20 au 30, analima, anabeba kuni, anazaa, hana hata homa, na ini linaliwa taratibu. (Na jamani homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, ule unaletwa na mbu, tusichanganye.)

Sasa ukiambiwa "kijiji kina asilimia kadhaa" uliza kwanza, kirusi gani na kipimo gani? Hepatitisi A inapita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na pale vyoo vilipo shida watoto wengi wanaipata wadogo, inapita kimyakimya, wanabaki na kinga ya maisha. Ukipima antibodi zake (kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi yake) kwa watu wazima wa hapo unaweza kukuta karibu wote wanazo na hakuna hata mmoja mgonjwa. B ni habari nyingine. Kuna kipimo kinachoonyesha kirusi kipo sasa hivi, kuna kingine kinachoonyesha uliwahi kukutana nacho hata kama mwili ulishakifukuza, na ukichanganya hizo namba mbili unatisha watu bure. Ile ya kwanza ikifika asilimia 8 tunasema maambukizi ni ya juu, chini ya 2 ni ya chini.

Halafu umempima nani? Ukikaa zahanati ukasubiri, wanakuja akina mama wajawazito na wale wanaojisikia vibaya, wanaume wako shamba. Ndo maana mi naorodhesha kaya zote, napiga kura kuchagua za kupima, nakwenda nyumba kwa nyumba, na nisiyemkuta narudi jioni. Tone la damu ya kidoleni, matone ya dawa, dakika 15, mstari wa C lazima utokee la sivyo kipimo kimeharibika. Mstari wa T ndo wenye jibu, na hata ukiwa umefifia kama penseli iliyofutwa, ni pozitivu. Jioni kwenye mwanga hafifu ni rahisi sana kuukosa, kwa hiyo natembea na tochi nzuri na nasoma ndani ya muda, maana ukichelewa kinaweza kukudanganya pia.

Kitu kinachoniuma ni jinsi kirusi kinavyojikusanya kwenye nyumba moja. Mama anacho, watoto wawili wanacho, jirani hakuna hata mmoja. Wanaanza kusema ni laana, au mama alitoka nje ya ndoa, kumbe huenda alikipata siku aliyozaliwa. Kichanga akiambukizwa na mama, karibu 9 kati ya 10 wanabaki nacho sugu, wakati mtu mzima akiambukizwa wanaobaki nacho hawafiki 5 kati ya 100. Na kinaishi nje ya mwili siku 7 hivi, kwa hiyo wembe wa kushea au kidonda cha mtoto kinatosha. Kula sahani moja hakuambukizi, tafadhali msimtenge mtu sahani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 walikuwa na hepatitisi B sugu mwaka 2022, na waliokuwa wameshapimwa wakajua ni kama asilimia 13 tu. Kijijini kipimo kiko mbali zaidi, we fikiria.

Kwa hiyo nikimkuta mmoja napima nyumba nzima, mume, watoto, na ndugu wa tumbo moja. Aliye salama na hajachanjwa anachanjwa, aliye nacho anaangaliwa ini, si kila mmoja anahitaji dawa leo ila wote wanahitaji kufuatiliwa. Kichanga anatakiwa apate chanjo ndani ya saa 24 za kwanza, na hapo ndo tunapokwama, mama kajifungulia nyumbani usiku, chanjo iko kwenye friji ya zahanati mwendo wa nusu siku, akifika siku ya tano na mtoto mgongoni tunamchanja tu, lakini zile saa zenyewe zilishapita.