Kuriseti si Dawa: Dhana Potofu kuhusu Aksesi Pointi Zinazokataa Kujiunga na Kontrola

Kila umeme unapokatika Unguja kisha ukarudi, simu huanza kuingia kutoka hoteli za Nungwi, Paje na Mji Mkongwe, na pengine kutoka skuli moja au mbili, na maneno huwa ni yale yale: baadhi ya aksesi pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) hazionekani kwenye kontrola (mfumo unaovisimamia vifaa hivyo), "na tushaziriseti, hazikubali." Aksesi pointi kutoonekana ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni kazi ndogo. Kinachoikuza kazi hiyo ni huko kuriseti kwenyewe, yaani kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani.

Dhana: aksesi pointi ikikataa kujiunga, iriseti

Kabla ya kutangaza jina la Wi-Fi, aksesi pointi inayosimamiwa na kontrola hupitia hatua zinazofuatana. Hupata umeme wa kutosha, hupewa anwani ya IP na seva inayogawa anwani (DHCP), huitafuta kontrola, hukaguana nayo vyeti (vitambulisho vya kidijitali) na kufungua njia iliyosimbwa, kisha hulinganisha toleo la programu yake ya ndani na kupokea mipangilio. Kwa vifaa vinavyofuata itifaki ya CAPWAP (utaratibu wa mazungumzo baina ya aksesi pointi na kontrola), iliyoainishwa katika hati ya RFC 5415 ya mwaka 2009, mazungumzo ya udhibiti hupita poti ya UDP 5246 na data hupita 5247. Vifaa vya UniFi, vya kampuni ya Ubiquiti, hujiripoti kwa kontrola yao kupitia poti ya TCP 8080. Kifaa kilichokwama kimekwama katika mojawapo ya hatua hizo, na kitufe cha riseti hakiongezi umeme, hakirekebishi DHCP, hakifungui poti iliyozibwa na fayawoli, wala hakisahihishi saa.

Kinachofanywa na kitufe hicho ni kufuta kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo mali pekee ambayo kifaa kilichopotea kimebaki nayo. Chukua hoteli iliyoko Michamvi ambayo kontrola yake iko ofisi kuu, Mji Mkongwe. Mwito ambao aksesi pointi huutoa kwa vifaa vyote vya mtandao wake hauvuki ruta, kwa hiyo ilikuwa ikiifikia kontrola kwa sababu tu anwani yake ilikuwa imehifadhiwa ndani. Fundi akishairiseti, kifaa hakijui tena pa kwenda mpaka kielekezwe ama na DNS (huduma inayobadili majina kuwa anwani) ama na chaguo la 43 la DHCP (sehemu ya jibu la DHCP inayobeba anwani ya kontrola), na kama hakuna aliyeyapanga hayo, tatizo la hatua moja limekuwa la hatua mbili.

Hilo chaguo la 43 lenyewe huandikwa ovyo. Kontrola ikiwa na anwani 192.168.10.5, aksesi pointi za Cisco hutarajia f104c0a80a05, ambapo f1 ni aina, 04 ni urefu kwa baiti, na zilizobaki ni ile anwani kwa namba za heksadesimali. Ukiongeza kontrola ya pili ukaacha 04 badala ya 08, ya pili haitasomwa. UniFi kwa anwani hiyo hiyo hutaka 0104c0a80a05. Nimeona fundi akinakili mstari wa kampuni moja na kuubandika kwenye mtandao wa vifaa vya kampuni nyingine, kisha akaenda kuriseti jengo zima.

Kisa kingine cha baada ya umeme kukatika ni saa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kontrola huipima kwa saa yake yenyewe. Betri ya saa ikiwa imekufa na seva ya NTP, inayotoa saa sahihi, haifikiki, kontrola inaweza kuamka ikidhani iko miaka mingi nyuma, ikaviona vyeti vyote kuwa bado havijaanza kutumika na kuzikataa aksesi pointi zote kwa pamoja. Kinyume chake pia hutokea: vyeti vya kiwandani vya aksesi pointi nyingi za zamani za Cisco vina uhai wa miaka 10, na kifaa kizima kabisa hukataliwa siku cheti kinapokwisha, mpaka kontrola iamriwe kutojali muda huo. Kisiwa kinachopokea umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na kilichokaa gizani takriban miezi 3 kuanzia Disemba 2009, kilipaswa kuwa cha mwisho kusahau betri ya saa.

Kuriseti kunafaa katika hali moja tu: kifaa kilichotumika kwingine, ambacho bado kinaitambua kontrola ya mmiliki wa kwanza. Zaidi ya hapo, tazama kwanza orodha ya DHCP. Kama MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa haimo, kontrola haihusiki. Shuka kwenye swichi ukague poti na VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi). Kama imo, fungua logi ya kontrola, kwani mara nyingi sababu ya kukataliwa imeandikwa humo waziwazi na hakuna aliyejisumbua kuisoma.

Dhana: taa inawaka, kwa hiyo umeme unatosha

Taa huhitaji umeme kidogo mno. Poti ya swichi inayopeleka umeme kupitia kebo ya mtandao kwa kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 na kifaa huhakikishiwa 12.95, ilhali aksesi pointi nyingi za sasa zimeundwa kwa 802.3at, yenye wati 30 kwenye swichi na 25.5 kwenye kifaa. Ongeza kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo sitaifunga kwa mteja yeyote hata akinibembeleza, na hewa ya chumvi ya ufukweni inayozigeuza pini za plagi ya kebo (RJ45) kuwa za kijani, utaelewa kwa nini kifaa huwaka, hujizima na kuanza upya bila kufika popote.

Dhana: kuta nene za Mji Mkongwe ndizo zinazozuia

Kuta za mawe na chokaa huzuia mawimbi baina ya simu na aksesi pointi. Kujiunga na kontrola hupita kwenye kebo, isipokuwa kwa vifaa vilivyounganishwa kwa redio peke yake.

Dhana: intaneti imekatika, ndiyo maana

Kontrola iliyo ndani ya jengo haihitaji intaneti ili kuipokea aksesi pointi. Inayokaa kwenye seva za mbali ndiyo inayoihitaji.

Dhana: aksesi pointi ni aksesi pointi, popote iliponunuliwa

Kila kifaa hutengenezwa kwa kanuni za masafa za eneo fulani. Kilichokusudiwa soko la Marekani, kikiletwa kwenye kontrola iliyopangwa kwa Tanzania, huweza kukataliwa, au kikajiunga huku redio zake zikibaki zimezimwa, na hapo hakuna mpangilio halali wa kukiokoa. Kwa Cisco, herufi ya eneo huonekana kwenye namba ya modeli, katika lebo ya kifaa. Muuzaji akishindwa kukutumia picha ya lebo hiyo kabla hujalipa, usinunue.