Mkono utatikisika tu: misingi ya kulenga shabaha kwa bastola

Anayeanza kujifunza bastola huhangaishwa kwanza na mkono wake. Anaunyoosha, anaona kilengeo, yaani kijino kilicho mwisho wa mtutu, kinacheza juu ya duara jeusi la shabaha, anabana misuli ili kitulie, na hapo ndipo kinapozidi kucheza. Kila mwanafunzi wangu namwambia mapema: mkono utatikisika tu, hata wa bingwa hutikisika. Tunachojifunza ni kufyatua vizuri huku unatikisika.

Nafundishia bastola ya hewa ya mita 10, kwa kuwa haina mshindo mkubwa wa kumtisha mtu na makosa yote yanabaki kwenye karatasi. Hushikwa kwa mkono mmoja. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 4.5, na duara la kumi, yaani lile la katikati lenye alama kumi, milimita 11.5. Kabla ya yote, mtutu uelekee kwenye shabaha muda wote na kidole kikae nje ya triga mpaka uanze kulenga. Hilo halina mjadala, hata kama una hakika bastola ni tupu.

Sasa tupige hesabu. Kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, vichwa vyao vimelingana, mwanga wa kushoto na wa kulia uko sawa. Mkono wote ukihama milimita 5 bila kuuvuruga mpangilio huo, risasi nayo itahama milimita 5 hivi, na kumi yako unaipata. Lakini kilengeo cha mbele kikienda pembeni milimita 1 tu ndani ya pengo, na vilengeo vimeachana kama sentimita 35, kosa hilo linakua njiani hadi kufikia karibu milimita 29 kwenye karatasi. Hiyo ni saba.

Kwa hiyo jicho likae kwenye kilengeo cha mbele. Kingo zake zionekane kali, duara jeusi liwe na ukungu. Wanafunzi wanalikataa hili kwa muda mrefu, maana mtu hutaka kukitazama kile anachotaka kukipiga. Duara likionekana safi kabisa, ujue jicho limeshakwenda mbali na vilengeo havina mlinzi. Ndiyo sababu pia walengaji wengi hawalengi katikati ya weusi, ambako kilengeo cheusi kingepotea. Huacha ukanda mweupe chini ya duara, kisha hurekebisha vilengeo ili risasi ipande katikati.

Miguu nitaipitia haraka. Simama, inua bastola ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Ikiwa imeelekea kando ya shabaha, sogeza miguu, usiivute kwa mkono.

Triga ndiyo inayokula alama nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kanuni za mashindano zinataka triga ya bastola ya hewa isiwe nyepesi kuliko gramu 500. Ni uzito mdogo, lakini ukiuweka kwa ghafla, au kidole kikisukuma kwa ubavu, unatosha kuvunja mpangilio wote. Tumia nyama ya ncha ya kidole cha shahada, ivute moja kwa moja nyuma, na uhakikishe kidole hakigusi mpini. Ongeza nguvu taratibu bila kusita, kilengeo kikiendelea kucheza mahali pake. Anayesubiri picha nzuri ipite ili ainyakue hufyatua picha ikiwa imeshaondoka. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu ya kunyakua hujikusanya chini kushoto. Nikiyaona huko, vilengeo sivigusi, natazama kidole.

Ukishafyatua, baki ulivyo sekunde moja au mbili, ukitazama kilengeo kilipokuwa triga ilipokatika, yaani ilipoachia risasi. Na ukishikilia zaidi ya sekunde nane au kumi bila kufyatua, shusha mkono, pumua, anza upya. Kwenye mashindano una dakika 75 kwa risasi 60, muda unatosha.

Wanaoniuliza kama mkono wao unafaa nawatajia mlenga shabaha Károly Takács wa Hungaria. Guruneti lilimharibu mkono wa kulia mwaka 1938. Akajifunza kulenga kwa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948 mjini London na tena 1952 mjini Helsinki.

Zoezi ninaloanza nalo halina duara kabisa. Geuza karatasi, upande mweupe ukutazame. Hakikisha bastola haina risasi, iweke kwenye hali ya kufyatua tupu, ambapo triga inakatika bila kitu kutoka, na ufyatue ukitazama vilengeo peke yake. Kilengeo cha mbele kikiruka triga inapokatika, kidole bado kina kazi. Kikibaki palepale mara nyingi mfululizo, weka risasi, upige kwenye weupe huohuo. Usihesabu alama, tazama matundu yamekaribiana kiasi gani. Duara jeusi lirudi pale tu kundi hilo litakapokuwa dogo.