Sukari ya nje ya bakteria, na kwa nini chanjo inailenga: maswali na majibu

Hivi bakteria ana sukari gani tena?

Sio sukari ya kulamba. Ni minyororo mirefu ya molekuli za sukari zilizoshikana, imemzunguka bakteria kwa nje kama koti zito lenye utelezi, wataalamu wanaliita kapsuli. Wanaolivaa ndo wale hatari kweli: nimokoka anayeleta nimonia, Hib (kifupi cha Haemophilus influenzae aina b) na meninjokoka wanaoleta homa ya uti wa mgongo, hata yule wa taifodi analo. Chembe nyeupe za damu zikija kummeza zinateleza tu, hazipati pa kushika. Nimokoka akipoteza kapsuli yake mara nyingi mwili unammaliza bila shida, kwa hiyo nguvu yake karibu yote iko kwenye hiyo sukari.

Kingamwili zinafanya nini hapo?

Kingamwili ni protini ya kujikinga ambayo mwili unaitengeneza, ina umbo la herufi Y. Mikono yake miwili inang'ang'ania sukari ya bakteria, mkia unabaki umetokeza nje, na huo mkia ndo chembe nyeupe inaushika, inamvuta bakteria na kummeza. Kwa meninjokoka kuna na la ziada, kingamwili zikishamganda zinaita protini nyingine za kwenye damu zinakuja kumtoboa mpaka anapasuka. Ila ujue kila aina ya sukari inataka kingamwili zake. Nimokoka peke yake ana aina zaidi ya 100, ndo maana chanjo zake zina namba kama PCV10 au PCV13, hiyo namba ni idadi ya aina za sukari zilizomo.

Sasa si wachome hiyo sukari tu yaishe?

Walishafanya hivyo, na kwa mtu mzima inasaidia. Shida ni watoto chini ya miaka 2, yani wale wale ambao haya magonjwa yanawaua zaidi. Marekani mwaka 1985 walianza kutumia chanjo ya Hib yenye sukari tupu, ikawa inapewa watoto wa miaka 2 kwenda juu kwa sababu kwa wachanga ilikuwa haifanyi kitu, wakati homa ya uti wa mgongo ya Hib ilikuwa inawapata zaidi hao hao wachanga. Inauma ukifikiria.

Sababu ni hii. Chembe B na chembe T ni aina mbili za chembe nyeupe za damu. Chembe B ndo zinatengeneza kingamwili, lakini ili zitengeneze kali na zikumbuke kwa miaka zinahitaji msaada wa chembe T, na chembe T kwa kawaida haitambui sukari, inatambua vipande vya protini. Ukichoma sukari tupu chembe B inabaki peke yake, kwa mtu mzima itajitahidi kidogo, kwa mtoto mchanga karibu hakuna kitu, na kumbukumbu haibaki.

Wakatatuaje?

Waliiunga sukari na protini, na hapa ndo napapenda kuliko pote. Chembe B inaona sukari, inaikamata, inameza furushi zima pamoja na protini iliyoungwa nayo, ndani huko inaikata protini vipande vipande na kuvitoa nje kuvionyesha. Chembe T inapita, inatambua kile kipande, inaipa chembe B ruhusa ya kuzaliana na kunoa kingamwili zake. Kingamwili zinazotoka ni za sukari ingawa msaada umekuja kwa sababu ya protini. Protini yenyewe mara nyingi ni sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyoondolewa makali, haina madhara.

Wazo ni la zamani, watafiti Oswald Avery na Walther Goebel walishalionyesha kwa sungura mwaka 1931, ila likakaa miaka mingi sana kabla ya kufika kwa watoto. Chanjo ya Hib ya kuunganishwa hivi na protini ilianza 1987, kufikia 1990 ikawa inapewa wachanga wa miezi 2, na Marekani ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto chini ya miaka 5 ulishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Afrika tuna mfano wa chanjo ya MenAfriVac, ilianza Burkina Faso, Mali na Niger mwaka 2010 dhidi ya meninjokoka wa aina A, na huyo A aliyekuwa anazua milipuko mikubwa ametoweka karibu kabisa kwenye ule ukanda wa Afrika unaopigwa sana na homa ya uti wa mgongo.

Mbona kwa meninjokoka wa aina B chanjo haitumii sukari?

Sukari yake inafanana mno na iliyopo kwenye chembe za neva zetu wenyewe, mwili unaiona ni ya nyumbani. Chanjo yake inalenga protini za nje badala ya sukari.

Mwenye selimundu naye inamhusu?

Sana. Wengu ndo chujio kuu la bakteria wenye kapsuli kwenye damu, na kwa mwenye selimundu wengu unaharibika tangu utotoni. Huyo chanjo ya nimokoka asiikose, na amuulize daktari kuhusu dozi za nyongeza.

Mtoto akimaliza PCV hawezi kuumwa nimonia tena?

Anaweza, maana kuna aina za nimokoka ambazo hazimo kwenye chanjo na kuna virusi pia. Kwa hiyo hata kadi ikiwa imejaa, ukiona anapumua haraka haraka au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, mpeleke hospitali muda huo huo, usisubiri kesho.