Maana ya ualkali katika tangi la matumbawe

Anayefuga samaki wa baharini peke yao anaweza kukaa miaka bila kuhitaji kujua ualkali ni nini. Akishaweka matumbawe magumu, hasa yale ya matawi ya jamii ya Acropora, jambo hili linamfuata kila wiki. Maji ni maangavu, nitrati iko chini, joto ni nyuzi 25, chumvi iko sawa, samaki wanakula vizuri. Halafu ncha za matawi zinapauka na ngozi ya tumbawe inaanza kubanduka kutokea chini. Kabla ya kulaumu taa au ugonjwa, tazama namba iliyoandikwa KH kwenye vipimo vyako, yaani ile ya ualkali. Huenda wiki iliyopita ilisoma 9 na leo inasoma 6.

Ualkali ni kiasi cha asidi ambacho maji yanaweza kukipokea kabla pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka asidi ikizidi, haijaporomoka. Na ndivyo unavyopimwa: unachukua maji kidogo ya tangi, unatia rangi ya kupimia, kisha unadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, kwa vipimo vingi kutoka buluu kwenda manjano. Matone yakiwa mengi, ualkali ni mkubwa. Katika maji ya bahari kinachoimeza asidi hiyo ni bikabonati kwa sehemu kubwa, kabonati kwa sehemu ndogo, na borati kidogo. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni digrii KH, kifupi dKH, kilichotoka Ujerumani. Maabara hupendelea milikwivalenti kwa lita, na milikwivalenti 1 ni sawa na dKH 2.8. Bahari yenye chumvi ya kawaida, gramu 35 kwa kilo, ina dKH kati ya 6.5 na 7. Matangi ya nyumbani mengi huwekwa kati ya 7 na 10.

Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu kabonati, katika umbo la fuwele linaloitwa aragonaiti. Kalsiamu inatoka majini, na kabonati inatoka kwenye akiba hiyohiyo ya bikabonati tuliyoitaja. Kila tumbawe linaporefuka, ualkali unapungua. Konokono wanaojenga magamba wanachukua sehemu yao, na ule mwani mgumu wa zambarau unaotanda juu ya mawe na vioo unachukua sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Baharini akiba hiyo haiishi kwa sababu maji hayana mwisho. Ndani ya lita 200 sebuleni, inaisha.

Watu wengi huuliza: kama mfupa ni kalsiamu, kwa nini tusihangaikie kalsiamu? Hapa hesabu inasema yenyewe. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita. Matumbawe yakitumia dKH 2.8 ya ualkali, yanatumia pamoja nayo takriban miligramu 20 tu za kalsiamu. Kwa hiyo ualkali unaweza kushuka kutoka 7 hadi 4.2, hali ambayo ni ya hatari, huku kalsiamu ikishuka kutoka 420 hadi 400, tofauti ambayo vipimo vingi vya nyumbani vinaiona kwa shida. Bahari ina ghala kubwa la kalsiamu na kibaba kidogo cha bikabonati. Ningeambiwa nibaki na kipimo kimoja tu cha kemia kwenye tangi lenye matumbawe magumu, ningebaki na cha KH na vingine ningevipima mara mojamoja.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni tofauti ya ualkali na pH, kwa kuwa yote mawili yanazungumzia asidi. pH inaeleza hali ya maji saa hii. Ualkali unaeleza maji yana uwezo gani wa kuihimili asidi. Namba hizi mbili zinaweza kwenda njia tofauti kabisa, na anayezichanganya huishia kumimina dawa isiyohitajika.

Chukua nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, au kwa ajili ya baridi ya Januari huko Ulaya. Watu wanapumua ndani, jiko la gesi linawaka, hewa ya ukaa inaongezeka chumbani na kuingia kwenye maji. pH inashuka, pengine kutoka 8.2 hadi 7.8. Ualkali haubadiliki hata kidogo, kwa sababu hewa ya ukaa inapoingia majini inazalisha bikabonati na asidi kwa pamoja, na hesabu zake zinafutana. Mwenye tangi akiona pH 7.8 akakimbilia kuongeza soda ya kuokea, anaweza kufikisha dKH 12 na pH bado isipande kwa kiasi alichotaka. Dawa yake ilikuwa kufungua dirisha. Kila usiku pia pH inashuka, kwa sababu mwani ulio ndani ya matumbawe unaacha kutumia hewa ya ukaa taa zikizimwa, na asubuhi inaanza kupanda tena. Huo ni mwendo wa kawaida na hauna haja ya kutibiwa.

Bahari nayo inapitia jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa na mafuta, wastani wa pH ya maji ya juu ya bahari umeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1, na ualkali wake haujabadilika kiasi cha kutajwa. Kinachopungua ni ile sehemu ya kabonati ndani ya akiba, inayogeuzwa kuwa bikabonati, na mnyama anayejenga mfupa analazimika kutumia nguvu zaidi kwa kazi ileile.

Turudi kwenye tangi. Kupima mara moja hakukuambii mengi. Unachohitaji kujua ni matumizi ya kila siku, na hayo yanapatikana kwa kupima mara mbili bila kuongeza kitu katikati, saa ileile, kwa sababu matumbawe yanajenga haraka zaidi taa zikiwaka. Tuseme tangi la lita 200, ukitoa mawe na mchanga, lina maji halisi lita 170. Jumatatu saa 2 usiku linasoma 8.6. Jumatano saa 2 usiku linasoma 7.8. Matumizi ni dKH 0.4 kwa siku. Tangi lililojaa Acropora waliokomaa linaweza kutumia dKH 2 kwa siku au zaidi, na hapo ndipo mwenye nalo akisafiri wikendi bila mpango anarudi kukuta msiba.

Njia rahisi ya kurudisha kilichotumika ni bikabonati ya sodiamu, yaani soda ya kuokea. Gramu 3 zinapandisha lita 100 za maji kwa dKH 1. Kwa mfano wetu wa lita 170 na 0.4 kwa siku, ni gramu 2, kiasi kisichofika kijiko cha chai. Unaiyeyusha kwenye maji yasiyo na chumvi na kuimimina polepole mbele ya pampu. Ila soma pakiti. Maduka mengine huiita magadi soda, na hiyo inafaa ikiwa ni bikabonati tupu. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, ni kitu kingine: yanachimbwa kwenye maziwa kama Magadi na Natron, yana mchanganyiko wa chumvi mbalimbali, pamoja na floraidi nyingi, na hayana nafasi kwenye tangi. Hamira ya unga (baking powder) nayo usiiguse. Ina wanga na asidi ya kuiumulia, hivyo inakula ualkali uleule unaotaka kuuongeza.

Njia ninayoipenda ni chokaa. Wafugaji wa Ujerumani na majirani zao wameitumia kwa miongo mingi kwa jina la Kalkwasser, na watu wa pwani yetu wanaijua chokaa kwa sababu nyingine kabisa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitoka kwenye matumbawe. Unapanga magogo, unarundika matumbawe juu, unawasha tanuu. Moto unaifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe na kuacha chokaa kali isiyozimwa. Ukiimwagia maji inachemka na kuwa hidroksidi ya kalsiamu, ule unga mweupe wa fundi. (Kazi hiyo imekula miamba hai sehemu kadhaa za pwani, Mafia na Mikindani zikiwemo, na siitaji hapa kwa kuisifu.) Kikemia, mfugaji anayetia maji ya chokaa anairudia safari hiyo kinyumenyume: hidroksidi inakutana na hewa ya ukaa iliyomo majini, inakuwa bikabonati, na tumbawe linaichukua pamoja na kalsiamu kutengeneza jiwe lilelile. Ndiyo maana chokaa inaongeza kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule ambao tumbawe linautumia. Soda haifanyi hivyo. Anayetumia soda pekee kwa miezi atakuta kalsiamu imeanza kupungua.

Maji yasiyo na chumvi yanabeba takriban gramu 1.5 za chokaa kwa lita, na yakishakolea hayapokei zaidi. Inayobaki inakaa chini, na utando mwembamba unaoganda juu ni kalsiamu kabonati iliyofanywa na hewa ya chumbani. Unachota yale maji maangavu ya katikati. Lita moja yake inapandisha lita 100 za tangi kwa dKH 1.1 hivi. Tangi letu la mfano linahitaji karibu lita 0.6 kwa siku, na kwa kuwa tangi la ukubwa huo hupoteza kiasi hicho au zaidi kwa mvuke, maji ya chokaa yanaweza kuwa sehemu ya maji ya kujazia. Yadondoke usiku, wakati pH iko chini, kwa sababu pH ya maji ya chokaa ni zaidi ya 12. Yakimwagwa kwa mkupuo mmoja yanaua. Yanaunguza macho na ngozi pia, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Chokaa ya kupakia ukuta huwa na uchafu usiojulikana, basi nunua ile iliyosafishwa kwa matumizi ya chakula.

Matangi yenye matumizi makubwa hupita pale chokaa inapofika. Wengine hutumia chupa mbili, moja ya kloridi ya kalsiamu na nyingine ya kabonati au bikabonati ya sodiamu, zikidondoshwa na pampu ndogo za saa. Chupa hizo zisikutane kabla ya kuingia kwenye tangi, la sivyo zinaganda papo hapo kuwa chaki. Wengine hupitisha maji na hewa ya ukaa kwenye mtungi uliojaa changarawe za matumbawe, zikayeyuka polepole. Vyote vinafanya kazi. Tofauti ni bei na uvumilivu wa mwenyewe.

Kuwa na ualkali mkubwa si sifa. Maji ya bahari tayari yamebeba kalsiamu na kabonati kupita kiasi ambacho kwa kawaida yangeweza kukihimili, na mojawapo ya vitu vinavyozuia yasigande ni magnesiamu, karibu miligramu 1,300 kwa lita, inayokwamisha fuwele zisikue. Ukipandisha ualkali sana, au magnesiamu ikiwa chini, ganda jeupe linaanza kushika hita na pampu, mchanga unashikana, na unashangaa kwa nini kila unachotia hakionekani kwenye vipimo. Kuyumba nako kunaumiza. Tangi linalokaa 7.5 mwaka mzima lina matumbawe mazuri kuliko linalorushwa kati ya 7 na 10 kwa sababu mwenyewe anakimbiza namba aliyoiona kwa mwenzake. Wengi hujiwekea mpaka wa kutobadilisha zaidi ya dKH 1 kwa siku, hata kama lengo liko mbali.

Kubadilisha maji nako kunaweza kuleta kuyumba huko, kwa sababu chumvi za dukani hazifanani: nyingine zikichanganywa zinatoa dKH 7, nyingine 11 au 12. Pima ndoo mpya kabla ya kumimina. Aliye pwani na anachota bahari atapata karibu 6.5 hadi 7, mradi achote maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na si baada ya mvua za masika, kwa kuwa chumvi ikishuka ualkali unashuka nayo. Aliye bara na anajazia mvuke kwa maji ya kisima ajue kwamba maji mengi ya kisima yana bikabonati yake mwenyewe, na kila lita inaongeza kidogo pasipo kukusudia. Mashine ya RO, inayochuja chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, inaondoa tatizo hilo.

Kama tangi lako lina matumbawe laini tu, ya aina ya uyoga na ya ngozi yasiyojenga mfupa wa jiwe, sehemu kubwa ya haya haikuhusu. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, pima KH mara moja kwa mwezi, na soda iache jikoni.