Kiwewe: Si lazima uanze kwa kusimulia yote

Wateja wengi huniuliza hata kabla hawajaketi vizuri: "Kwa hiyo itabidi nieleze kila kitu?" Hofu ya swali hilo huwaweka watu mbali na ushauri nasaha kwa miaka. Jibu langu ni hapana. Si leo, na pengine si mwezi huu. Wapo hata waliopona bila kunisimulia tukio zima.

Tuanze na kiwewe chenyewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya jambo la kutisha. Watu wawili wanaweza kutoka kwenye gari moja lililopinduka, mmoja baada ya wiki chache akalala usingizi wake wa kawaida, na mwenzake mwaka mzima akashindwa kupanda gari. Huyu wa pili si mlegevu. Huenda aliwahi kuumizwa utotoni, au baada ya ajali hakupata mtu wa kumtuliza, au alibanwa ndani ya gari muda mrefu akiamini anakufa. Kiwewe kinategemea tukio, na kinategemea pia hali iliyomkuta mtu kabla na baada yake.

Wengi wanaopatwa na jambo la kutisha hutengemaa wenyewe. Ndoto mbaya, kushtukashtuka na kulia katika wiki za mwanzo ni mwili kufanya kazi yake, ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili hautaji ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe mpaka dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Ugonjwa huo uliingizwa kwenye mwongozo huo mwaka 1980. Kabla ya hapo ulikuwa na majina ya kila aina. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliotetemeka na kupoteza kumbukumbu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakati huo wengi walidhani chanzo ni kishindo cha mabomu. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani Ann Burgess na Lynda Holmstrom wakaeleza hali inayofanana na hiyo kwa wanawake waliobakwa, ambao hawakuwa wamekanyaga uwanja wa vita.

Dalili zinazojulikana ni tukio kujirudia kichwani au ndotoni, kukwepa chochote kinachokumbusha, mwili kuwa macho muda wote, na fikra kugeuka kuwa nyeusi: kujilaumu, kutomwamini mtu, kutohisi furaha. Lakini wachache mno huja wakisema "nina kiwewe". Huja kwa sababu ya kichwa kisichoacha kuuma, pombe iliyozidi, hasira zinazowatisha watoto wao, au kazi wanayoifanya usiku na mchana ili wasipate nafasi ya kufikiri. Huyo wa kazi husifiwa kwa bidii, kwa hiyo hugunduliwa mwisho. Kwa watoto tazama michezo: mtoto hurudia tukio lile lile na wanasesere wake, au anaanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha.

Sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala hufanya kazi ya kutambua hatari, na haingoji ushahidi. Harufu ya manukato ya mtu aliyekuumiza inatosha: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, jasho linatoka, na wewe mwenyewe hujui kwa nini. Kumbukumbu ya kawaida huja ikiwa na alama kwamba jambo limepita. Kumbukumbu ya kiwewe mara nyingi haina alama hiyo, na mwili hujibu kana kwamba jambo linatokea sasa hivi.

Basi mtu anakwepa. Anabadili njia, anaacha sherehe, anazima redio. Kukwepa kunampa nafuu papo hapo, na hapo ndipo tatizo linapojilisha, kwa sababu ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba njia ile sasa ni salama. Duara la maisha linazidi kubana.

Ushauri nasaha mzuri unaligeuza jambo hilo, ila kwa mpangilio. Daktari wa akili wa Marekani, Judith Herman, aliupanga uponaji katika hatua tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu na maisha. Nami sivuki hatua ya kwanza hovyo. Swali langu la mwanzo ni kama anayekuumiza bado yupo nyumbani kwako. Kama yupo, hatuchimbui ya zamani. Tunapanga namna ya kuwa salama. Baada ya hapo nafundisha mambo yanayoonekana madogo: kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, kukanyaga sakafu kwa nguvu, kutaja vitu vitano unavyoviona chumbani. Hayatibu kiwewe, lakini yanakupa breki kabla hatujaondoka.

Kisha zipo njia kadhaa zenye ushahidi. Ninayoitumia zaidi iliundwa na mwanasaikolojia Patricia Resick, na kwa kawaida huchukua vikao 12. Inahoji imani zilizoganda baada ya tukio. Ya mara kwa mara ni hii: "Ningepiga kelele, yasingenipata." Hapo tunakaa sana. Tunauliza ulijua nini wakati ule, si unachokijua leo. Tunazungumza jinsi mwili unavyoweza kuganda mbele ya hatari bila kukuomba ruhusa. Mtu aliyebeba hatia kwa miaka anapoiona kwa macho hayo, mara nyingi ndoto mbaya nazo hupungua. Njia nyingine ni ya miondoko ya macho, ambapo mtu hulikumbuka tukio huku akifuata kwa macho kitu kinachosogea; aliibuni mwanasaikolojia Francine Shapiro mwaka 1987. Inasaidia, ingawa wataalamu bado wanabishana kama macho ndiyo yanayofanya kazi au ni kule kuikabili kumbukumbu.

Neno kwa ndugu na marafiki: acheni kumlazimisha mtu "atoe yote moyoni" siku mbili baada ya msiba. Shirika la Afya Duniani limeshauri kikao cha namna hiyo kisitumike kama kinga ya kiwewe, na mwaka 2013 likaonya pia dhidi ya kuwapa watu vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu katika mwezi wa kwanza. Mpe chakula, mwache alale, mwambie upo. Akitaka kuzungumza, sikiliza bila kumhoji. Akianza kusema anataka kufa, usingoje miadi: usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe unayetafuta mshauri, muulize waziwazi amesomea kutibu kiwewe kwa njia ipi, na atafanya nini siku utakayosema "tusimame hapa". Akikasirishwa na maswali hayo, tafuta mwingine.