Je, utafiti unaonukuliwa sana ndio sahihi zaidi?

Wengi huamini kwamba mtafiti wa mazoezi na afya ya moyo akinukuliwa mara maelfu katika makala za kitafiti, matokeo yake ni ya kuaminika kuliko ya wenzake. Idadi hiyo huonyesha kazi yake imetumika kiasi gani. Usahihi ni suala jingine.

Chukua kanuni ya 220 kutoa umri, inayokadiria kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo. Imenukuliwa tangu miaka ya 1970, ingawa haikutokana na utafiti uliobuniwa mahsusi kuipata. Mwaka 2001, uchambuzi wa tafiti nyingi ulileta nyingine: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa kwenye 208. Kwa mwenye miaka 70, ya kwanza inatoa mapigo 150 kwa dakika, ya pili 159. Kwa mzee anayepangiwa mazoezi, pengo hilo si dogo hata kidogo.

Ukitaka kuhakiki, fungua makala mbili tatu zilizomnukuu mtafiti, usome sentensi yenyewe: zinamuunga mkono, zinampinga, au zinamtaja kwa kupita tu? Tazama pia kama anajinukuu mwenyewe mara kwa mara. Makala za mapitio, yaani zinazojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, nazo kwa kawaida hunukuliwa kuliko majaribio zinayoyaeleza.