Kamba, mkasi na siri za vilabu vya mazingaombwe

Anayetaka kuanzisha kikundi cha mazingaombwe hapa Dar huanza na suala la siri: nani aambiwe, nani asiambiwe, na mwenye mdomo afanywe nini. Haya, lakini siri zenyewe ni za kale mno. Mchezo wa kukata kamba na kuiunga, unaowaacha watoto wa shule midomo wazi kuanzia Mbagala hadi Bunju, ulielezwa kitabuni na Mwingereza Reginald Scot mwaka 1584. Scot hakuwa akitafuta makofi. Alikuwa akipinga watu kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, akaona aeleze jinsi mikono inavyodanganya macho: vikombe na mipira, sarafu inayopotea, hata kichwa cha mtu kinacholala kwenye sahani. Siri iko wazi zaidi ya miaka 400 na kamba bado inawashika watu.

Vilabu vikubwa vilikuja baadaye sana. Mei 10, 1902, watu 24 walikutana New York, chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya mazingaombwe la Martinka, wakaunda Society of American Magicians. Houdini, yule bingwa wa kujifungua minyororo, aliiongoza kuanzia 1917 hadi alipofariki 1926. London wakafuata 1905, katika mgahawa wa Pinoli's. Wengine walitaka klabu ipewe jina la Martin Chapender, fundi kijana aliyekuwa amefariki karibuni. Likachaguliwa The Magic Circle, na herufi M na C zikabaki zilezile.

Hao wa London ndio wakali wa siri. Rais wao wa kwanza, David Devant, alikuja kufukuzwa kwa kuchapisha siri za michezo yake mwenyewe. Wanawake nao hawakuruhusiwa hadi 1991. Sophie Lloyd alijigeuza mwanamume, akafanya mtihani, akafaulu. Alipojifichua mwaka huohuo, akatolewa kwa kosa la udanganyifu. Klabu ya watu wanaodanganya macho kwa ufundi! Walimrudishia uanachama 2025.

Mimi ningewaiga kwa kitu kimoja tu, nacho ni mtihani. Mwombaji anahojiwa, kisha wengi wao wanapanda jukwaani kwa dakika kama 8 mbele ya watahini. Kiapo cha siri kila mtu anaweza kukitamka. Dakika 8 bila kujikanyaga ni kazi nyingine. Na kwa mtihani wa kikundi kipya sioni mchezo unaofaa kuliko kamba ya Scot, maana ni rahisi kuuelewa na mgumu kuufanya.

Tuanze na kamba yenyewe. Usinunue manila: inateleza na fundo halikai. Katani nayo imekakamaa. Tafuta kamba laini ya pamba, unene wa kidole kidogo, na kama ina nyuzi za ndani zivute zote zitoke ili ilegee. Kata mita 1.5. Ncha usizitie gundi, kwa sababu ncha za zamani zitatofautiana na zile mpya za mkasi, na mtoto wa mstari wa mbele ataona kabla ya mwalimu wake. Mkasi uwe mkali. Butu unatafuna kamba badala ya kuikata, na hizo sekunde za kutafuna ndizo watu wanazotumia kukuangalia mkono.

Shika ncha mbili kwa mkono wa kushoto, zichomoze juu ya ngumi kama sentimita 8, mgongo wa mkono ukiwaelekea watazamaji. Kamba iliyobaki inaning'inia kama bembea. Mkono wa kulia unaingia ndani ya bembea na kupandisha katikati ya kamba hadi nyuma ya ngumi, kana kwamba unaileta juu ikatwe. Uongo wote uko hapo. Katikati halisi ikiwa imelala juu ya gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia, vidole hivyo vinabana kamba chini tu ya ncha iliyo upande wa gumba la kushoto, vinaivuta juu, nayo katikati inateleza na kubaki imefichwa ngumini, ikiwa imening'inizwa na hicho kipande kifupi. Mtazamaji anaona kitanzi kinachomoza, anaamini ndicho kile kilichotoka chini.

Mpe mtu mkasi, akate kitanzi. Sasa kuna ncha nne. Achia mbili za upande wa mbali na gumba, zianguke: zinaonekana kamba mbili, kumbe ni moja ndefu iliyokunjwa kwenye kipande cha sentimita 16 hivi. Funga kipande hicho kizunguke katikati ya kamba, fundo la kwanza la kukaza kidogo, la pili legevu. Kisha zungushia kamba kwenye mkono wa kushoto, huku wa kulia ukilitelezesha fundo hadi linatoka mwishoni na kuingia nalo mfukoni "kuchukua chaki ya dawa". Kunjua. Kamba nzima.

Kinachoharibu mara nyingi ni macho yako. Ukiitazama ngumi wakati wa kubadilisha, na wao wataitazama. Mwangalie unayemkabidhi mkasi. La pili ni fundo lililokazwa kwa woga, halitelezi. Na kwa joto la Dar, mwezi wa pili na wa tatu, jasho linalowesha pamba na kamba inang'ang'ania kiganja, kwa hiyo futa mikono na uwe na kamba ya akiba. Kila onyesho linakula sentimita 16, hivyo mita 1.5 inatosha mara tatu. Ikishuka chini ya mita moja, kuzungushia hakufichi tena kitu.

Maneno nayo yapimwe. Hiyo "dawa" iwe ya utani unaosikika wazi kuwa utani. Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo bado ipo, inamgusa hata mtu anayejitangaza tu kuwa ana nguvu za uchawi, achilia mbali mtaa wenyewe utakavyokuchukulia. Sema mwanzoni kabisa kwamba haya ni mazingaombwe, kiinimacho, mazoezi ya mikono. Usipokee pesa za kubashiri, kwa sababu watu wamekwisha kuumizwa na wale wa pata potea na hawatofautishi mkono na mkono.

Onyesho likiisha, hesabu vipande. Kama mmecheza mara tatu uani kwa watu, mfukoni mwako kuwe na vifundo vitatu. Kimoja kikidondoka kwenye mlango wa mwenye nyumba, kesho asubuhi hakuna atakayekiita kipande cha kamba.